Ombi lisifichwe ukurasa wa pili

Ndugu mwandishi, nimesoma makala yako kuhusu ushawishi. Umezieleza vizuri nguzo tatu za ushawishi za Aristotle: sifa ya msemaji, hisia za wasikilizaji na uzito wa hoja. Ila umepita haraka mno kwenye mpangilio wa ujumbe, na hapo ndipo wengi wetu maofisini tunapokwama.

Mfano bora tunao nyumbani. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania mambo matatu: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hata waliozaliwa miaka mingi baadaye wanayataja. Hakukuwa na istilahi za kijeshi hapo. Sentensi zilikuwa fupi, zimejengwa kwa muundo mmoja, sikio likazidaka mara moja, hata la aliyekuwa akisikiliza redio kijijini.

Sasa tazama barua zetu za kazini. "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha aya nzima ya historia ya jambo, na ombi lenyewe limejificha mwisho wa ukurasa wa pili. Bosi mwenye mafaili tele mezani hafiki huko! Wala adabu haipotei tukibadilika: salamu mstari mmoja, ombi lifuate, halafu sababu, na tarehe unayohitaji jibu itajwe wazi.

Naomba makala ijayo utuwekee barua moja mbovu ya ofisini, na chini yake barua hiyohiyo ikiwa imeandikwa upya.