Kipimo Ndicho Kiamue Siku ya Kuhamisha Bia

Pipa la presha wanalotumia wapika bia wa majumbani nchini Uingereza ni la plastiki nene. Linabeba galoni tano, yaani lita 23 hivi, na lina koki karibu na kitako na mfuniko mpana wa kusokota wenye vali ndogo. Humo ndimo bia iliyokwisha kuchachuka hutiwa sukari kidogo, hufungwa, na kujitengenezea gesi yake yenyewe. Swali gumu ni lini itolewe kwenye ndoo ilimochachukia na kuingizwa humo. Karatasi nyingi za maelekezo zinazouzwa pamoja na kopo la kimea hujibu kwa kutaja siku: nne, sita, saba. Jibu hilo halifai, na ningependa watengenezaji waache kulichapa, kwa sababu linamfundisha mwanafunzi kutazama kalenda pale anapotakiwa kuitazama bia.

Hamira hula sukari ya kimea na kuigeuza kileo na gesi, karibu nusu kwa nusu kwa uzito. Kasi ya kazi hiyo hutegemea joto la chumba, wingi wa hamira na uzima wake. Ndoo iliyowekwa penye nyuzi 20 inaweza kumaliza kwa siku tano, na ile iliyoachwa kwenye kibaraza chenye baridi ikajivuta hadi wiki mbili, ingawa zote mbili zilipikwa kwa kopo la aina moja. Povu likianguka watu hudhani kazi imekwisha, kumbe hamira bado inakula taratibu chini kwa chini. Anayejua ukweli ni haidromita, kile kijiti cha kioo chenye uzito kitakoni kinachoelea ndani ya bia. Katika maji matupu husoma 1.000. Katika maji ya kimea ambayo hayajatiwa hamira huelea juu kwenye 1.040 hivi, na kadiri sukari inavyoliwa ndivyo kinavyozama, hadi kutulia karibu na 1.010. Si chombo kigeni katika kazi hii. John Richardson wa mji wa Hull aliwaandikia wapika bia wa Uingereza kuhusu kipimo cha namna hii mwaka 1784, na viwanda vimekitegemea tangu zamani.

Hesabu yenyewe inatosha kumshtua mtu. Pipa la lita 23 linahitaji gramu 80 hivi za sukari ili bia ipate gesi ya kiasi. Bia iliyohamishwa ikiwa 1.014, ilhali ilikuwa ishuke hadi 1.010, imebeba sukari ya karibu gramu 200 ambayo haijaliwa, kabla mpishi hajachota kijiko hata kimoja. Akiongeza zile 80 anazoelekezwa, anafunga ndani ya pipa zaidi ya mara tatu ya kinachotakiwa. Matokeo yake ni koki inayotema povu tupu, mashapo yanayovurugwa kila siku yasitulie, na bia isiyokubali kung'aa. Bia hiyo hiyo ikitiwa kwenye chupa za kioo, chupa hupasuka, na vipande vya kioo vimeshajeruhi watu.

Wapo watakaosema vali ya pipa imewekwa kwa ajili hiyo, iteme gesi ikizidi. Ni kweli, lakini vali nyingi za mapipa haya ni kipande cha raba kilichobana tundu, na raba huzeeka na kunata. Ni kinga ya dharura, haifai kugeuzwa utaratibu wa kila wiki. Wengine watauliza: mbona wapishi wetu wa mbege na busaa hawana haidromita na kazi yao inakwenda vizuri? Nawaheshimu wapishi hao, na ujuzi wao ni wa kweli. Ila pombe yao hunywewa ikiwa bado hai, ndani ya siku chache, na gesi hujiendea kwa kuwa chombo hakikufungwa. Pipa la presha hufungwa kwa wiki nyingi. Masharti yamebadilika, na macho na pua pekee havitoshi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usafi, kwamba kila ndoo ikifunuliwa vijidudu hupata mlango. Nakubali. Ndiyo maana hakuna haja ya kupima kila asubuhi. Subiri povu lianguke, chota kidogo kwa chombo kilichosafishwa kwa dawa, pima, kisha usiirudishe bia hiyo ndooni. Rudia baada ya siku mbili; namba zote mbili zikilingana, hamisha. Kukaa siku chache zaidi juu ya mashapo hakuiharibu bia. Kinachoiharibu ni kuimwaga kwa kishindo wakati wa kuihamisha, ikameza hewa na baadaye kupata ladha ya karatasi iliyolowa. Mpira wa kuvutia ufike hadi sakafu ya pipa, bia iingie kimyakimya, na raba ya mfuniko ipakwe vaselini ili isivujishe.

Linabaki tatizo moja ambalo mpishi hawezi kulitatua peke yake. Namba mbili zinaweza kulingana zikiwa bado juu, tuseme 1.020, kwa sababu hamira imelala kwa baridi. Akifunga pipa hapo, joto likirudi hamira nayo itaamka. Kujua kama 1.020 ni mwisho au ni usingizi kunahitaji kujua kimea kile kilitengenezwa kishuke hadi wapi, na anayelijua hilo ni aliyekitengeneza. Namba hiyo ndiyo ichapwe kwenye karatasi, pale palipoandikwa siku saba.