Goma: pizza ya dola 15, nyanya ya kopo

Familia moja ya mtaa wa Katindo, mjini Goma, ilijinyima kwa miezi kadhaa ili kumpongeza binti yao aliyepata diploma ya serikali. Binti mwenyewe ndiye aliyechagua mahali: restora ya Kiitaliano ambayo vijana wa mji hupenda kupiga picha mbele yake siku ya Jumapili. Waliketi watu wanne: baba, mama, binti, na bibi aliyekimbia vita kutoka Masisi na ambaye sasa anaishi kwao.

Walingoja zaidi ya saa moja. Pizza zilipofika, zilikuwa zimeungua chini na mbichi katikati. Nyanya ilikuwa na ladha ya kopo. Foromaji ilikuwa ngumu kama kandambili. Baba akamuuliza mhudumu kama ni foromaji ya Masisi. Kijana akajibu kwa adabu: "Hapana, Papa. Hii inatoka Ulaya. Wateja wetu hawataki ya hapa."

Bibi alisikia. Kabla ya kukimbia, kila asubuhi alikuwa akipeleka maziwa kwenye shamba linalotengeneza foromaji. Alisogeza sahani pembeni, hakusema neno. Hesabu ilifika dola 68.

Wengine watasema kulalamikia pizza ni dharau, katika mji ambamo familia nyingi hula mara moja kwa siku. Wana haki ya kusema hivyo. Lakini shida hapa si ulimi wa mwenye pesa. Shida ni safari ya ile pesa. Dola 68 zimetoka mfukoni mwa mkaaji wa Goma, na sehemu kubwa imelipia makopo na foromaji vilivyovuka mipaka kadhaa. Mama anayeuza nyanya sokoni Virunga hakupata hata franka moja.

Tena, huko si kupika Kiitaliano. Pizza ilikua Napoli kama chakula cha maskini, kikiuzwa barabarani kwa wafanyakazi. Napoli iko karibu na volkano, Vesuvio, kama vile Goma ilivyo chini ya Nyiragongo. Watu wa huko wanajivunia nyanya zao kwa sababu zinakua katika udongo wa volkano. Foromaji yao inatoka kwa wafugaji wa jimbo lao. Mwaka 2017, UNESCO iliiweka kazi ya wapika pizza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Waitaliano wanaheshimiwa kwa sababu hawaonei haya shamba lao.

Na Kivu Kaskazini ina nini? Ina udongo wa volkano. Ina nyanya, vitunguu na uyoga. Ina foromaji ya Masisi, ile ya mviringo, ambayo hupendwa mpaka Kinshasa. Mpishi anayepita haya yote na kufungua kopo hajaiga Italia. Ameiga picha yake tu.

Wenye restora wana jibu lao, na si la uongo lote. Vita vikipamba moto, barabara ya Sake hufungwa, maziwa huharibika, foromaji hukosekana au bei hupanda. Mfanyabiashara hawezi kumwambia mteja asubiri mpaka bunduki zinyamaze. Ni kweli. Lakini nyanya na vitunguu vinapatikana sokoni kila asubuhi. Na siku foromaji inaposhuka kutoka milimani, sababu ya kuikataa ni ipi, kama si haya?

Wengi waliolala chini ya mahema ya Kanyaruchinya, Bulengo na Mugunga walikuwa wakulima na wafugaji. Ndio waliokuwa wakilisha mji huu kabla ya kuanza kungoja msaada. Anayerudi shambani leo anahitaji mnunuzi kuliko anavyohitaji kuhurumiwa. Restora moja inayonunua kilo chache kila wiki, kwa bei inayoeleweka, inamsaidia kununua mbegu na kulipa shule.

Basi wenye restora waanze na kidogo: nyanya mbichi badala ya kopo, na foromaji ya Masisi kila inapopatikana, ikiandikwa wazi kwenye karatasi ya bei. Wateja nao wasione haya kuuliza kabla ya kuagiza: "Foromaji hii inatoka wapi?" Swali hilo halilipiwi. Likiulizwa kwenye kila meza, mwenye restora atajua kwamba wateja wanaitaka ya hapa.

Binti wa Katindo alipata sherehe yake kesho yake, nyumbani. Bibi alipika sombe na maharagwe, na hakuna sahani iliyosogezwa pembeni.