Kabla ya kuandika “tunasemaka”, hesabu

Desturi mpya imeingia kitivoni kwetu: kujihesabu. Katikati ya somo na somo telefoni zinatoka mifukoni, na watu wanalinganisha hatua. Huyu ametembea 8,000 tangu asubuhi, yule 11,000, na mwenye 3,000 anajitetea kwamba leo alipanda basi. Wengine wanahesabu filamu. Kila filamu waliyoangalia wanaiandika pamoja na tarehe yake na nyota zake, na mwisho wa mwezi jumla inatangazwa kama matokeo ya mtihani. Walimu kadhaa wanacheka. Mmoja wao alituambia kwamba mtu anayehesabu hatua zake hana mahali pa kwenda.

Mimi ninawatetea wanaojihesabu. Ila naona kwamba sisi, wanafunzi wa lugha za Kiafrika, tunahesabu miguu na macho, na kile kilicho kazi yetu tunakiacha bila hesabu: lugha tunazosema kutoka asubuhi hadi usiku.

Tuanze na hatua, kwa kuwa historia yake inawahusu watu wa lugha kama inavyowahusu waganga. Lengo la hatua 10,000 kwa siku halikuzaliwa hospitalini. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani ilianza kuuza kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni, kikaitwa manpo-kei. Changanueni neno hilo: man ni elfu kumi, po ni hatua, kei ni kipimo. Kijapani kina neno moja fupi kwa elfu kumi, kama sisi tulivyo na laki kwa elfu mia moja. Jina tamu la bidhaa likageuka kuwa lengo la afya la dunia nzima. Kama kifaa kile kingebuniwa na Waswahili, pengine leo tungeamriwa kutembea laki nzima. Utafiti mkubwa ulikuja nyuma sana. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walitoa uchunguzi wao juu ya wanawake 16,741 wa Marekani, wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa katika hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea kama 2,700. Faida ikaendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Elfu kumi haikuwa na kitu cha pekee.

Tena telefoni haioni miguu. Inahisi mtikisiko tu, kisha inakisia. Taksi ya pikipiki ikipita penye mashimo kwenye njia ya Kasapa, mtu anaweza kuongezewa hatua akiwa amekaa. Na yule mama anayezunguka na beseni la ndizi kichwani toka Katuba hadi Kamalondo, mwenye telefoni ndogo ya vitufe iliyofungwa ndani ya kitenge, ametushinda sisi wote kwa mguu, lakini kwa hesabu hizi hakutembea hata hatua moja. Sisemi haya ili kuikataa hesabu. Ninasema kwamba kila kipimo kina mwenye kukitengeneza, na yeye ndiye aliyeamua nini kinahesabiwa kuwa kimoja.

Kwenye filamu jambo hili ni wazi zaidi. Letterboxd, ambayo wenzangu wengi wanaitumia, ilianzishwa New Zealand mwaka 2011. Inakuuliza tarehe, nyota, kama umeipenda, kama ni mara ya kwanza au umerudia. Vizuri. Sasa niandike namna gani filamu ya Kihindi niliyoangalia kwa jirani, ambamo msimulizi wa Kiswahili anazungumza juu ya sauti za waigizaji, anawapa majina mapya, anatia utani wake, na mahali pengine anaihukumu tabia ya mhusika kama shangazi kwenye kikao cha ukoo? Watu waliokaa pale hawakuja kwa ajili ya mwigizaji wa Mumbai. Walikuja kumsikiliza msimulizi. Katika orodha itahesabiwa filamu moja ya India, nyota tatu. Ile lugha iliyotuweka pale saa mbili na nusu haina mahali pa kuandikwa. Mwenzangu mmoja, kwa ombi langu, aliongeza kwa kalamu safu ya lugha kwenye orodha yake ya mwaka. Alipofika mwisho alinyamaza, kisha akasema: “Kumbe Augure ya Baloji ndiyo peke yake iliyonisemesha Kiswahili chetu.” Orodha yake ilikuwa ndefu. Hatua moja ya safu ilitosha kumfundisha jambo ambalo nyota zote zile hazikumwambia.

Hapa Lubumbashi kuhesabiwa si kitu kigeni. Neno kibarua lenyewe ni shahidi: ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mtu kama ushahidi wa kazi ya siku yake, hadi mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake. Mji huu ulikua pamoja na Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na wazee wetu walihesabiwa siku, walipimiwa posho, na daftari lilikuwa mkononi mwa mwingine. Ndiyo maana siwacheki vijana wanaotaka kushika daftari lao wenyewe. Kinachonisumbua ni kwamba daftari lenyewe limerudi tena kwa kampuni ya mbali, na safu zake tumezikuta zimekwisha chorwa.

Sasa nifike kwenye kazi yetu. Katika Kiswahili cha Lubumbashi tuna kiambishi ambacho watu wa pwani hawakitumii. Wao husema “hutembea”. Sisi tunasema “anatembeaka”. Ni ndugu wa ule mofimu -ag- unaopatikana katika lugha nyingi za Kibantu, na kazi yake ni kuonyesha mazoea. Tunakitumia mchana kutwa: natembeaka, naangaliaka, tunasemaka. Na dodoso zetu za memwari zimejaa kiambishi hicho. Mwanafunzi anakwenda Kenya au Ruashi na karatasi zake, anauliza: “Ku nyumba munasemaka luga gani?” Anajibiwa. Anajumlisha, anagawanya, na katika sura ya tatu anaandika kwamba asilimia fulani ya familia za mtaa huo zinatumia Kiluba, Kisanga au Kibemba nyumbani. Jopo linapokea, jopo linatoa maksi.

Ninapinga asilimia hizo. Wanaojibu hawasemi uongo, lakini “tunasemaka” haihesabu mara ngapi. Mama yangu, ukimwuliza, atajibu bila kusita: “Ku nyumba tunasemaka Kisanga.” Kwa miezi miwili nimeshika daftari la lugha la nyumba yetu. Katika siku 60 hizo Kisanga kilisemwa siku 17, na karibu zote ni siku ambazo nkambo alikuwepo, au alipigiwa telefoni huko Kambove. Nilipomwonyesha mama, hakutikisika hata kidogo. Alisema: “Basi? Sisi si Basanga?” Na kwa upande wa sarufi ana haki. Kwake “tunasemaka” ni habari ya ukoo, ya nani ni watu gani. Ni jibu la kweli kwa swali jingine. Kosa ni la mtafiti anayechukua habari ya ukoo na kuichapisha kama hesabu ya matumizi.

Jambo hili taaluma yetu inalijua tangu zamani. William Labov, mwaka 1962, aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York, akauliza wauzaji mahali pa kitu ambacho alijua kiko ghorofa ya nne, akasikia wanavyotamka r katika maneno yale mawili, kisha akageuka pembeni, mahali wasipomwona, akaandika. Watu 264. Hakuuliza hata mmoja “wewe unatamkaka namna gani?” Alipouliza swali la aina hiyo katika uchunguzi wake mwingine wa jiji hilo, watu walimtajia zaidi matamshi wanayoyaheshimu kuliko yale wanayoyatumia. Peter Trudgill alikuta jambo la jamaa hiyo Norwich, Uingereza: wanawake wengi walijipandisha kuelekea lugha sanifu, wanaume wengi walijishusha kuelekea lugha ya mtaa. Na kwetu hapa, Vincent de Rooij alipoandika kitabu chake cha 1996 juu ya mchanganyiko wa Kifaransa na Kiswahili cha Shaba, alisimama juu ya mazungumzo yaliyorekodiwa. Tunawasoma hawa mwaka wa pili. Mwaka wa kuandika memwari tunawasahau, kwa sababu dodoso ni rahisi na fotokopi iko karibu.

Najua ugumu uliopo. Hatua ni hatua. Je, Kisanga kimoja ni nini? Ndugu yangu mdogo anamsalimu nkambo kwa Kisanga, anaomba pesa kwa Kiswahili, na maelezo ya mtihani anayatoa kwa Kifaransa kilichovaa viambishi vyetu, “nko na-préparer”, yote ndani ya dakika tatu. Ukihesabu maneno utachoka kabla ya saa nne asubuhi. Ukihesabu siku, salamu moja itaifanya siku nzima kuwa ya Kisanga. Baada ya kujaribu njia kadhaa nimebaki na mazungumzo kama kipimo: nani na nani, wapi, lugha gani ilifungua, lugha gani ilibeba jambo lenyewe. Safu hizi mbili za mwisho ndizo tamu. Nyumbani kwetu Kisanga kinafungua mara nyingi, na kubeba jambo ni mara chache: habari za msiba, kugombeza mtoto, na siri ambazo watoto hawapaswi kuelewa. (Watoto wanaelewa.) Bei, shule, ugonjwa, telefoni, siasa, vyote vinabebwa na Kiswahili. Dodoso gani lingeniambia hayo?

Kuna pingamizi kubwa zaidi, na mwalimu wangu mmoja amekwisha kunitolea: anayejihesabu anabadilika. Mwenye kuhesabu hatua anashuka basi kituo kimoja kabla. Mwenye daftari la lugha ataanza kusema Kisanga ili ukurasa upendeze. Ni kweli, nimeiona kwa macho. Dada yangu, alipojua ninaandika, alianza kumwuliza nkambo majina ya mboga kwa Kisanga kila wakati wa kupika bukari. Kwa data, wiki ile imeharibika, na nimeiwekea alama pembeni. Kwa nkambo haikuharibika kitu. Alikaa jikoni hadi usiku, akataja majani ambayo mimi sijawahi kuyaona sokoni, na mawili kati yake mama mwenyewe alikuwa hayajui. Watu wa hatua hawaoni aibu kwamba hesabu inawasukuma kutembea. Ndiyo sababu walinunua kifaa. Sisi tunaweza kutenga wiki za kuchunguza na wiki za kusukumwa, mradi tuandike ni zipi.

Ombi langu kwa kitivo ni dogo. Mwanafunzi yeyote anayetaka kupeleka mitaani swali lenye “munasemaka”, ashike kwanza daftari la lugha yake mwenyewe kwa siku 14, na kurasa hizo ziwekwe mwishoni mwa memwari. Atajifunza kwa ngozi yake umbali uliopo kati ya kiambishi na siku. Na pale ambapo hana njia ya kusikiliza, ana majibu ya dodoso tu, aandike hivyo: asilimia fulani ya watu wamejibu kwamba wanasema lugha fulani. Sentensi itakuwa ndefu kidogo. Itakuwa pia na faida kwa yule atakayekuja miaka 20 baadaye kutafuta kama Kisanga kilisemwa kweli Lubumbashi wakati wetu, au kama tulikuwa tunakitaja tu.

Sipendekezi programu ya telefoni kwa kazi hii. Mega ni ghali, betri inakwisha, na sioni sababu ya kumpa mtu wa mbali orodha ya tunayemsemesha na kwa lugha gani. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Langu niko tayari kumwonyesha yeyote anayetaka kuanza, anitafute maktabani siku ya Jumatano mchana. Kurasa mbili tu nimezibana kwa pini. Kuna mazungumzo ya Kilingala, saa tano usiku, ambayo hayaihusu sayansi.