Msafara wa harusi mlimani si mashindano

Magari kumi yakitoka Bukavu pamoja kwenda harusi Uvira, hakuna dereva anayetaka kuachwa. Hapo ndipo hatari inaanzia: wa nyuma anakimbiza ili asipotee, wa mbele anakimbiza ili asipitwe. Na barabara ya kitaifa namba 5, kwenye miteremko ya Ngomo, haisamehe.

Dawa ni kupatana kabla ya kuondoka. Madereva wachague mahali pa kungojana, Nyangezi kisha Kamanyola, ili kila mmoja aende kwa mwendo wake. Asiyezoea mlima afuate kiongozi. Mzoefu abaki wa mwisho. Kati ya gari na gari ziachwe sekunde tatu: kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, hizo ni mita 50. Kuteremka kunahitaji gia ndogo, maana breki inayokanyagwa muda wote hupata moto na kukataa kushika.

Heshima kubwa zaidi ni kwa wasio wa msafara. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 unamtaka anayeteremka ampishe anayepanda, pale ambapo kupishana ni vigumu. Lori lenye mzigo likisimamishwa katikati ya mlima, kuondoka tena ni taabu. Na mama anayetembea kando ya barabara na mzigo mgongoni hakualikwa kwenye sherehe; asilipe gharama yake.

Familia huchagua nguo, chakula na muziki. Zichague pia mkubwa wa msafara, mwenye ruhusa ya kumnyang'anya ufunguo dereva yeyote aliyekunywa.