Lobanovskyi Hakuua Ushairi

Mwezi uliopita, kwenye kikao chetu cha wapenda vitabu, rafiki yangu mmoja mshairi alitoa kauli ambayo imenikaa kooni mpaka leo. Tulikuwa tunabishana juu ya sanaa na mashine, mada ambayo siku hizi huwezi kuikwepa. Akasema: mnajua nani aliyeua ushairi kwenye mpira? Yule kocha Mrusi, Lobanovskyi, aliyeingiza kompyuta uwanjani na kuwageuza watu kuwa vyuma. Watu wakacheka, wakatikisa vichwa kukubali, mazungumzo yakahamia kwenye riwaya fulani. Mimi nikanyamaza. Nilijuta nikiwa ndani ya daladala, na hii makala ndiyo majibu niliyopaswa kumpa pale pale.

Kauli yenyewe ina makosa mawili. Naanza na lile linaloonekana dogo.

Valeriy Lobanovskyi hakuwa Mrusi. Alizaliwa Kyiv tarehe 6 Januari 1939, akacheza Kyiv, Odesa na Donetsk, akaanzia ukocha Dnipropetrovsk, akafia Zaporizhzhia, akazikwa Kyiv. Yote hiyo ni Ukraine. Najua tumetoka wapi: Kiswahili chetu cha magazetini kilizoea kumwita kila mtu wa Muungano wa Kisovieti "Mrusi", tukamaliza. Lakini itazame timu ile ya Kisovieti aliyoipeleka Mexico mwaka 1986. Wachezaji wengi walitoka klabu moja, Dynamo Kyiv. Golikipa Dasayev alikuwa Mtatari wa Astrakhan. Aleinikov alitoka Minsk. Ukiwaita Warusi wote hujarahisisha kitu, umekosea tu. Niliwahi kuandika makala nikaweka neno "Mwukraine", mhariri wangu wa wakati huo akalifuta, akaweka "Mrusi", eti wasomaji wataelewa haraka zaidi. Sikubisha. Baadaye ikaja Februari 2022, na tangu hapo nimeona watu wanavyozika ndugu zao kwa sababu ya jambo hilo hilo nililolikubali kwa uvivu. Kwa hiyo hapo simtupii jiwe mshairi peke yake.

Sasa kosa la pili, lile lililonifanya nikose usingizi.

Huyu mtu tunayeambiwa ni adui wa wasanii alikuwa msanii mwenyewe. Alikuwa winga wa kushoto, mrefu, mwenye chenga, na watu wa Kyiv walikwenda uwanjani kumtazama yeye. Silaha yake ilikuwa kona. Aliupiga mpira ukapinda na kushuka ghafla kwenye lango, wakauita jani kavu, na mingine iliingia wavuni moja kwa moja bila kuguswa na mtu. Angalia lakini alivyoupata ufundi huo. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, alijua mpira unaozunguka hufanya nini hewani, akarudia kupiga kona zile mazoezini mpaka zikatii. Sasa niambieni, hapo hesabu inaishia wapi na kipaji kinaanzia wapi? Mimi sioni mpaka.

Mwaka 1961 Dynamo Kyiv ilichukua ubingwa wa Kisovieti, klabu ya kwanza kutoka nje ya Moscow kufanya hivyo, na Lobanovskyi alikuwa mmoja wa nyota wa kikosi. Miaka mitatu baadaye akaja kocha Viktor Maslov. Maslov alitaka timu inayokabia juu, inayosogea pamoja, na winga anayekaa pembeni akisubiri aletewe mpira ili awaburudishe watu hakuwa na nafasi kwake. Lobanovskyi akabishana naye, akashindwa, akaondoka. Odesa. Donetsk. Mwaka 1968, akiwa na miaka 29 tu, akaacha kucheza kabisa.

Hapa ndipo hadithi inaponigusa, na ndipo wale wa "aliua ushairi" wanapopita bila kusimama. Huyu kijana alifukuzwa na mfumo. Angeweza kutumia maisha yake yote akiwa kwenye kijiwe fulani cha Kyiv, analalamika jinsi makocha wanavyoua vipaji. Tunawajua watu hao, wamejaa kwenye soka na wamejaa zaidi kwenye fasihi. Yeye alifanya jambo gumu zaidi. Alijiuliza kama aliyemfukuza alikuwa na haki. Akakubali kwamba, kwa kiasi kikubwa, alikuwa nayo.

Akaichukua Dnipro mwaka 1969, timu ya daraja la chini, akaipandisha ligi kuu. Huko ndiko alikokutana na Anatoliy Zelentsov, mtu wa sayansi ya michezo. Wakaanza kupima kila kitu: mchezaji anakimbia umbali gani na kwa kasi gani, anachoka lini, anakosea mara ngapi. Zelentsov alikuja kudai kwamba timu inayokosea si zaidi ya asilimia 15 hadi 18 ya matendo yake haifungiki. Unaweza kuicheka hesabu hiyo. Hata mimi huwa inanichekesha kidogo. Lakini chini yake kuna wazo ambalo si la mashine hata kidogo: kwamba uzito wa timu hauko kwa mchezaji mmoja mmoja, uko kwenye kinachopita kati yao. Ukisogea wewe, mwenzako anajua. Ukikosea, kuna mtu ameshaanza kukufunika kabla hujageuka.

Na hapa lazima niseme jambo kuhusu rafiki yangu. Yeye huandika tarbia. Mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Nimemwona kwa macho yangu akihesabu kwa vidole mezani, midomo ikichezacheza, akitupa neno zuri kabisa kwa sababu limezidi silabi moja. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia anaua ushairi. Yeye mwenyewe huwaambia washairi huru kwamba bila mizani hakuna shairi. Kumbe hesabu ikifanywa kwa vidole na mshairi ni sanaa, ikifanywa na kocha kwa kompyuta ni mauaji?

Twende kwenye ushahidi. Mwaka 1975 Dynamo Kyiv iliifunga Ferencváros 3-0 mjini Basel, ikachukua Kombe la Washindi. Mwaka huo huo ikaifunga Bayern Munich nyumbani na ugenini kwenye Super Cup, mabao yote matatu ya Oleh Blokhin, na Blokhin akapewa Ballon d'Or. Jamani, mfumo unaoua vipaji unatoaje mchezaji bora wa Ulaya? Na si mara moja. Mwaka 1986 akapata Ihor Belanov, mwaka 2004 Andriy Shevchenko. Wachezaji watatu wa vizazi vitatu tofauti, na wote walipita mikononi mwa mtu yule yule.

Bao ninalolipenda kuliko yote ni la tarehe 2 Mei 1986, mjini Lyon, fainali ya Kombe la Washindi dhidi ya Atlético Madrid. Siku hiyo haisomeki vizuri bila kalenda. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka tarehe 26 Aprili, siku sita kabla, kama kilomita 100 kutoka Kyiv. Serikali ikawaficha watu. Tarehe 1 Mei wananchi wa Kyiv, na watoto wao, walitembea barabarani kwenye gwaride la sikukuu ya wafanyakazi huku hewa ikiwa na sumu. Kesho yake timu ya mji huo ikaingia uwanjani Ufaransa. Dakika ya 85, matokeo yakiwa 1-0, Rats akaja na mpira kutoka kushoto, akampa Belanov katikati. Belanov kwa Yevtushenko. Yevtushenko, bila kuangalia, akauacha uende kulia, ambako Blokhin mwenye miaka 33 alikuwa anafika kwa kasi kana kwamba ana ishirini. Akamwinulia kipa, bao. Watu wanne, mstari mmoja unaofunguka kama kipepeo cha mkono. Likaja na la tatu, ikaisha 3-0.

Kama hilo si ushairi basi sijui tunabishania nini.

Sitaki mtu aseme nimemfanya malaika. Mazoezi yake yalikuwa ya kuvunja mifupa. Mwaka 1976 wachezaji waligoma, walichoka mwili na akili, na msaidizi wake wa karibu Bazylevych akaondoka. Alifanya kazi ndani ya dola iliyompa kila alichohitaji na kwa malipo hayo ikajitangaza kupitia ushindi wake, dola hiyo hiyo iliyowatembeza watoto kwenye gwaride la 1 Mei. Baadhi ya wachezaji wake walipotoka nje walipotea: Zavarov alikwenda Juventus akionekana mfalme, akawa mtu wa kawaida. Hapo wapinzani wangu wana hoja, na nzito. Nadhani Zavarov alizoea kucheza na watu waliojua atakuwa wapi kabla hajafika, na Turin hakuwapata. Yaani alipoteza wenzake. Lakini hata kama sababu ni hiyo, kocha anayekujenga usiweze kusimama bila wenzako amekuachia deni, na Lobanovskyi hakulilipa.

Fainali ya Ulaya ya 1988 alishindwa 2-0 na Uholanzi, kwa lile shuti la Van Basten ambalo hakuna kompyuta ingelitabiri. Kombe la Dunia la 1990 lilimwendea vibaya. Akaenda Falme za Kiarabu, kisha Kuwait, na dunia ikadhani amekwisha.

Alirudi Kyiv mwaka 1997. Nchi sasa ilikuwa na jina lake, wachezaji wakubwa walikuwa wanauzwa nje. Novemba ya mwaka huo Dynamo ikaenda Camp Nou ikaifunga Barcelona 4-0, Shevchenko akiweka matatu kabla ya mapumziko. Mwaka 1999 ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Lobanovskyi alikuwa mzee, mnene, mgonjwa, akiyumbayumba kwenye benchi mbele na nyuma kama anayebembeleza mtoto. Tarehe 7 Mei 2002 aliugua wakati wa mechi Zaporizhzhia. Siku sita baadaye akafariki, miaka 63.

Mimi nilimjua kupitia Shevchenko, na Shevchenko nilimjua kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, Mei 2003, fainali ya Milan na Juventus, tumebanana kwenye mabenchi na joto la kukausha nguo. Alipiga penalti ya mwisho. Kabla ya kupiga alimtazama mwamuzi, akamtazama kipa, akamtazama tena mwamuzi, mpaka mzee aliyekaa mbele yangu akapiga kelele apige basi. Akafunga. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba baada ya ushindi ule alikwenda Kyiv na medali yake mpaka kaburini kwa Lobanovskyi. Mtu aliyegeuzwa kuwa chuma hapeleki medali kaburini kwa aliyemgeuza.

Kwa hiyo rafiki yangu, najua unasoma hapa maana wewe ndiye uliyenionyesha blogu hii. Lile bao la Lyon lipo mtandaoni. Litazame mara mbili. Mara ya kwanza fuata mpira. Mara ya pili usiutazame mpira kabisa, mtazame Blokhin tangu Rats anapoanza kukimbia, hesabu hatua zake kwa vidole kama unavyofanyaga, halafu Jumamosi tukutane kahawa nitalipa mimi.