Mwamuzi akikosea, nani amwambie?

Katika mpira wa Marekani, ule unaobebwa mikononi, kuna kosa moja linalogombanisha watu sana. Mchezaji anakimbia kupokea mpira uliorushwa, mlinzi anamgonga kabla mpira haujamfikia. Hapo mwamuzi anapaswa kutupa chini kitambaa cha manjano.

Tarehe 20 Januari 2019, mjini New Orleans, kitambaa hakikutupwa. Mlinzi wa Rams alimgonga mchezaji wa Saints mbele ya uwanja mzima, zikibaki chini ya dakika mbili. Saints walishindwa 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza, na Rams wakaenda fainali. Kwa hasira ya watu, ligi ilikubali kosa hilo litazamwe kwa video. Baada ya msimu mmoja sheria hiyo ikaachwa. Picha zilikuwepo, lakini waliozitazama hawakupenda kugeuza neno lililokwisha kusemwa uwanjani.

Kongo nayo inalijua jambo hili. Tarehe 18 Juni 1974, katika Kombe la Dunia, Zaire ilicheza na Yugoslavia. Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe ya hapa Lubumbashi, alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Kadi nyekundu akapewa Ndaye Mulamba, ambaye hakufanya kitu. Miezi michache kabla, Ndaye alikuwa amefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika. Siku ile alilia, hakusikilizwa. Zaire ikafungwa 9 kwa 0. Baadaye Ndaye aliishi kama mkimbizi Afrika ya Kusini, na huko ndiko alikofariki mwaka 2019.

Basi kamera peke yake haitoshi. Kinachohitajika ni mwamuzi anayekubali kuulizwa na kuuliza.

Viwanja vya mtaa havina kamera. Mara nyingi mwenye filimbi ni kaka au jirani wa wachezaji wa upande mmoja. Mtoto wa familia iliyohama vita akiangushwa, anaogopa kulalamika: atajibiwa kwamba yeye ni mgeni.

Dawa yake haina gharama. Katika kila mechi ya watoto hapa Kasapa, wawekwe wasaidizi wawili wa pembeni, mmoja wa wenyeji, mmoja wa familia zilizohama. Kabla ya kutoa penalti au kumfukuza mtoto, mwamuzi awaulize wote wawili. Akiona alikosea, abadili neno lake palepale, mbele ya wote. Mpira ukishaanza tena, mambo yameisha.

Wengine watasema mwamuzi anayeuliza anapoteza heshima. Lakini mwamuzi wa 1974 hakuuliza, na nusu karne baadaye bado anakumbukwa kwa kumfukuza asiye na kosa. Mtoto aliyefukuzwa kwao bila kuulizwa asifukuzwe tena uwanjani kwa namna ileile.