TAARIFA YA TAWI: TUFUATILIE FAILI ZETU KWA TAREHE, TUACHE TETESI

Ndugu wanachama na marafiki wa tawi letu hapa Marekani,

Tunajua mwaka 2024 macho yetu yote yalikuwa nyumbani, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, na taarifa za uchaguzi ziliendelea kuwafikia kama kawaida. Hii ya leo inahusu jambo lililoanza kwenye "mengineyo" ya vikao vyetu, likakua mpaka likawa ndilo ajenda yenyewe: foleni ya makaratasi ya wenzetu wanaoombewa grinikadi na waajiri wao.

Msimamo wetu ni huu. Kufuatilia muda wa faili lako ni haki yako na ni kinga yako kazini. Si utovu wa subira, wala si kumvunjia mwajiri heshima. Na kazi hiyo haifai kuachwa kwa kila mtu kivyake, usiku, akiwa na simu na hofu yake. Tuifanye pamoja, kwa tarehe zilizoandikwa.

*KILICHOTUFANYA TUANDIKE*

Mwenzetu mmoja, mhasibu, aliruhusu tukisimulie kilichompata. Wizara ya Kazi ya Marekani iliidhinisha ombi la mwajiri wake, ile hatua ambayo wengi tunaiita PERM. Baada ya hapo, kila alipouliza ofisini aliambiwa, "Linaendelea, kuwa na subira." Akasubiri, ndivyo tulivyolelewa, mkubwa akisema subiri, unasubiri. Siku alipopata ujasiri wa kuomba namba ya risiti, ikabainika kuwa risiti haipo. Fomu I-140, ambayo ndiyo ombi lenyewe kwa idara ya uhamiaji, USCIS, haikuwa imepelekwa.

Uthibitisho wa PERM una uhai wa siku 180 tu. Zilikwisha akiwa anasubiri. Uthibitisho ukafa, na nafasi yake kwenye foleni ikafa nao. Ikabidi mwajiri aanze tangu mwanzo. Hakuna kishoka aliyemwibia, hakuna afisa aliyemwonea. Ni mtu tu ofisini aliyesahau, na yeye hakuwa na tarehe hata moja mkononi ya kumwonyesha kuwa amesahauliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

*SAA NI TATU, SI MOJA*

Sehemu kubwa ya mkanganyiko kwenye grupu letu inatokana na kuchanganya saa tatu tofauti. Mtu anauliza, "Inachukua muda gani?" Watu watano wanajibu, kila mmoja akisoma saa yake, na wote wanaweza kuwa sahihi.

Saa ya kwanza iko Wizara ya Kazi. Hapo mwajiri anathibitishiwa mshahara wa soko, anatangaza kazi, kisha anapeleka PERM. Wizara inatangaza ni maombi ya mwezi gani inayoyashughulikia sasa. Mwaka 2024 PERM ilikuwa inachukua zaidi ya mwaka, bila kuhesabu miezi ya mshahara iliyotangulia.

Saa ya pili iko USCIS, kwenye I-140. Hii ndiyo yenye namba ya risiti: herufi tatu na tarakimu kumi.

Saa ya tatu iko kwenye taarifa ya visa inayotolewa kila mwezi na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Visa za ajira ni takriban 140,000 kwa mwaka, na humo wamo pia wenza na watoto. Sheria haitaki nchi moja ichukue zaidi ya asilimia 7. Ndiyo maana mwaka 2024 ndugu zetu wa India wa daraja la pili na la tatu walikuwa bado wanasubiri kwa tarehe za mwaka 2012. Sisi Watanzania tuko kwenye mstari wa nchi zisizotajwa kwa jina, na mstari huo ni mfupi zaidi.

Mfupi haina maana kwamba haurudi nyuma. Juni 2023, daraja la tatu kwa mstari wetu lilikuwa limefika Juni 1, 2022. Agosti mwaka huohuo likarudishwa hadi Mei 1, 2020. Mtu aliyekuwa karibu na mlango akajikuta nyuma kwa miaka miwili, na faili lake halikuwa na kosa lolote. Visa za mwaka zilikuwa zinaisha. Oktoba, mwaka mpya wa fedha ulipoanza, mstari ukasogea hadi Desemba 1, 2021. Aliyejua saa ya tatu alielewa kilichotokea. Asiyejua alimlaumu mwanasheria, wengine wakalaumu maombi yao kwa Mungu.

Kwa hiyo tarehe ya kwanza ya kuijua ni tarehe yako ya foleni. Kama ulipitia PERM, ni siku PERM ilipopokelewa Wizara ya Kazi. Kwa wauguzi, ambao hawapiti hatua ya PERM, ni siku I-140 ilipopokelewa USCIS. Kwa muuguzi basi, kila mwezi ambao mwajiri anachelewa kupeleka fomu ni mwezi anaopoteza kwenye foleni moja kwa moja.

*ILE NAMBA YA USCIS INASEMA NINI*

USCIS inatangaza muda wa kushughulikia kila aina ya fomu. Namba ile si ahadi, wala si wastani. Inasema hivi: katika faili zilizokamilika miezi sita iliyopita, asilimia 80 zilikamilika ndani ya muda huu. Yaani inatazama nyuma, na inahesabu waliokwisha kutoka. Walio bado ndani, wale waliokwama hasa, hawamo kwenye hesabu hiyo mpaka siku faili zao zitakapofungwa. Na hata kati ya waliotoka, mmoja katika kila watano alisubiri zaidi ya namba iliyoandikwa.

Hapo ndipo tunapoilaumu ofisi ile. Kuna mtu amepanga harusi kwa namba hiyo. Mwingine alimwahidi mama yake mgonjwa kuwa atarudi kumwona "baada ya miezi minane." Serikali inayochukua ada zetu ingeweza kutuambia pia ni wangapi bado wanasubiri na kwa muda gani. Namba moja peke yake inampa mtu tumaini lisilo na kipimo.

Inafaa hata hivyo kwa jambo moja: kikokotoo chake kinakuambia kama umefikia siku ya kuruhusiwa kuuliza rasmi. Kabla ya siku hiyo swali lako litarudishwa. Ikifika, uliza siku hiyohiyo, usingoje Pasaka.

*HURUMA YA PESA*

Kuna huduma ya haraka. Februari 2024 ada yake ilipanda kutoka dola 2,500 hadi dola 2,805. Kwa I-140 nyingi, USCIS inalazimika kuchukua hatua ndani ya siku 15 za kazi. Kwa mameneja wa kampuni za kimataifa na wanaojiombea kwa maslahi ya taifa ni siku 45 za kazi. Angalieni neno "hatua". Barua ya kuomba ushahidi zaidi nayo ni hatua, na baada ya kuijibu siku zinaanza kuhesabiwa upya.

Tunasema wazi kwamba hatuoni haki katika mfumo ambamo faili zilezile, mezani palepale, moja inasomwa wiki tatu na nyingine inalala miezi kwa sababu ya bahasha ya dola elfu mbili na ushee. Tukikuta jambo kama hilo kwenye kaunta nyumbani tunalipa jina lake. Hapa lina fomu na risiti, basi linaitwa huduma.

Lakini atakayelipa ajue anachonunua. Analipia saa ya pili tu. Saa ya kwanza na ya tatu hazinunuliki. Tumeona watu wakikopa walipe huduma ya haraka, I-140 ikatoka, kisha wakakaa miaka wakingoja tarehe ya foleni.

*WATOTO*

Hili wazazi wenye vijana wa miaka 17 na kuendelea walisome mara mbili. Mtoto akifika miaka 21 anaweza kuondolewa kwenye ombi la mzazi. Sheria inaruhusu kupunguza umri wake: siku visa inapopatikana, unachukua umri wa mtoto, unatoa muda ambao I-140 ilikaa USCIS ikisubiri uamuzi. Kijana wa miaka 21 na miezi 5, ambaye I-140 ya mzazi wake ilikaa miezi 8, anahesabiwa ana miaka 20 na miezi 9. Amebaki ndani, alimradi achukue hatua ya kuomba ndani ya mwaka mmoja na awe hajaoa au kuolewa.

Maana yake ni kwamba kwa baadhi ya familia ule ucheleweshaji tunaoulalamikia ndio utakaomwokoa mtoto, na huduma ya haraka inaweza kumpunguzia siku alizokuwa anazihitaji. Kwa familia nyingine haraka ndiyo itakayosaidia. Kila nyumba ina hesabu yake. Hesabu hiyo inahitaji tarehe mbili kamili, ya kupokelewa na ya kuidhinishwa. "Ilikuwa kama mwezi wa tatu hivi" haitoshi. Ukiwa nazo, mpelekee mwanasheria kabla ya kulipa chochote.

*TAREHE NI NGUVU YA MFANYAKAZI*

Wapo wanaotuuliza chama kinaingiaje kwenye makaratasi ya watu. Jibu letu ni fupi: hili ni suala la kazi na la utu.

I-140 ni ombi la mwajiri. Barua zake zinakwenda kwa mwajiri au kwa mwanasheria wake, na mfanyakazi anaweza kukaa miaka bila kuona karatasi. Asiyejua tarehe zake hawezi kubishana kuhusu zamu za usiku, hawezi kudai nyongeza, hawezi kuondoka, kwa kuwa anaamini kila kitu kiko mikononi mwa bosi. Wakati mwingine si kweli. Tangu mwaka 2000 sheria inasema kuwa, fomu I-485 ikishakaa siku 180 bila kuamuliwa, mtu anaweza kuhamia kazi nyingine ya aina ileile au inayofanana nayo bila kupoteza ombi lake. Na I-140 ikishatimiza siku 180 tangu kuidhinishwa, mwajiri akijitoa, idhini yake haifutwi kwa sababu hiyo. Siku ya 179 na siku ya 181 ni maisha mawili tofauti. Ni lazima ujue uko siku ya ngapi.

Pia jueni kuwa gharama za PERM, pamoja na mwanasheria wa hatua hiyo, ni za mwajiri kisheria. Akikukata kwenye mshahara kwa ajili hiyo, usinyamaze. Na vishoka wanaodai wana "mtu wa ndani" wa kusukuma faili, wafungieni mlango. Hakuna mtu wa ndani. Kuna wenzetu waliouza viwanja nyumbani kulipia sukuma hiyo.

Kwa upande wetu nyumbani tuna jambo la kujisahihisha. Foleni ikifunguka, mtu huanza kuhangaikia cheti cha kuzaliwa cha RITA, au cheti cha polisi cha tabia njema, au kukuta jina la kwenye pasipoti halilingani na la kwenye cheti. Hizo siku si za Marekani, ni zetu. Cheti cha kuzaliwa na marekebisho ya majina yaanze sasa.

*TULICHOAZIMIA*

1. Kila mwanachama aliye kwenye foleni aombe kwa mwajiri, kwa maandishi na kwa adabu, nakala ya risiti na ya idhini ya I-140. Akinyimwa, azungumze na mwanasheria kuhusu kuomba nakala ya faili kwa sheria ya uhuru wa habari.

2. Tawi linafungua daftari. Litakuwa na daraja, tarehe ya foleni, siku ya kupokelewa, siku ya barua ya ushahidi kama ipo, siku ya uamuzi, na kama ni kawaida au haraka. Majina hayataandikwa, wala namba za risiti, wala jina la mwajiri. Namba ya risiti isibandikwe kwenye grupu hata siku moja. Aliye nayo anaweza kuangalia hali ya faili lako.

3. Kila taarifa mpya ya visa ikitoka, katibu ataisoma kwa sauti kwenye grupu kama ilivyo, mstari wetu na daraja zake, bila utabiri.

4. Hakuna atakayelazimishwa kushiriki, na hakuna atakayeulizwa hadhi yake ya uhamiaji kama sharti la uanachama.

5. Daftari si ushauri wa kisheria. Litakuonyesha walipo wenzako na litakusaidia kuuliza swali sahihi. Jibu atalitoa mwanasheria mwenye leseni.

Ndugu zetu, hatuwezi kuifanya foleni iende kasi. Tunachoweza ni kuhakikisha hakuna mwenzetu anayesimama miaka kwenye foleni ambayo hata hakuandikishwa. Yule mhasibu sasa ana risiti mpya. Ameibandika mlangoni mwa jokofu, na tarehe ameizungushia wino mwekundu.

Usiku huu, kabla hujalala, tafuta yako. Kama hujui iliko, hapo ndipo pa kuanzia kesho asubuhi.

Msambazie mwanachama mwenzako.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi*